Aliyesimama Kando ya Godoro

Kuna watu ambao ukiwasalimia inabidi usubiri kidogo, salamu iwafuate huko walikokwenda. Mama Sponji alikuwa mmoja wao. Ukimkuta barabarani alasiri, furushi la vipande vya sponji kichwani, unamuuliza habari za kazi, anapita kimya. Akifika kwenye kona anageuka na kukujibu nzuri, watoto hawajambo, wakati wewe umeshaingia dukani na unahesabiwa chenji. Mtaa ulikuwa umemzoea. Watu walisema leo hayupo, kwa sauti ileile wanayosemea leo kuna mawingu, kisha wakaendelea na yao.

Asubuhi alikuwa fundi wa makochi katika karakana ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Alikata sponji, akaivisha kitambaa, akashona pindo kwa ile sindano iliyopinda kama ukucha. Mkono wake ulikuwa safi, na hilo hata shemeji alilikiri, ingawa alilikiri kwa shida, kwa sababu siku moja futi yake ya kupimia ilishonewa ndani ya mto na mteja akaondoka nayo.

"Shemeji," alimwambia siku hiyo, "ukitaka kuota, nenda kalale. Hapa tunashona."

Mama Sponji alicheka, akaomba radhi, akachukua mkasi. Kabla mkasi haujafika mwisho wa kitambaa alikuwa ameshaondoka tena.

Alikuwa akienda wapi? Ngoja nikuambie mimi, maana yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kujieleza. Alikuwa akiwaona watoto hewani. Haikuwa homa wala mambo ya mizimu. Alikuwa amefundisha sarakasi tangu ujana wake, kila alasiri baada ya karakana, na macho yake yalikuwa yamepata tabia yao. Akimtazama mtoto aliyesimama tu akijikuna goti, macho yale yalimmalizia kazi: yakamkimbiza, yakamrusha, yakampindua, yakamshusha kwa miguu yote miwili. Mtoto wa watu bado anajikuna goti. Kwa watoto wengi picha ilikatika katikati, mwili ukiwa umepinduka nusu, naye akapita zake. Kwa wachache sana ilifika mwisho. Ikifika mwisho, Mama Sponji alisimama palepale alipo, hata kama ni katikati ya barabara na watu wanampigia honi.

Wapo makocha wanaotafuta mtoto anayeruka juu. Aliwaheshimu, lakini aliwacheka chinichini. "Kuruka hata kuku anaruka," alikuwa akisema. "Nionyeshe anavyoanguka."

Hivyo ndivyo alivyompata Kiberiti. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, na ngazi za saruji zinazoshuka kutoka kwenye bomba la mtaa zilikuwa zimeota ukoga. Msichana mfupi mwenye ndoo akateleza kwenye ngazi ya juu. Ndoo ikaenda njia yake, naye njia yake. Mtu mwingine angenyoosha mikono kujizuia, akavunja kiwiko. Huyu alivuta kidevu kifuani, akakunja mgongo, akabingirika ngazi zote mpaka chini, na mwisho wa kubingirika akajikuta amesimama, amelowa chapachapa, akiisema ndoo vibaya. Mama Sponji alikuwa anakwenda kazini. Hakwenda. Alimfuata mtoto yule nyuma kwa nyuma mpaka kwao, na shemeji alisubiri sana asubuhi hiyo.

Kwao palikuwa na bibi yake, mpiga pasi wa mtaa, mwanamke mwenye mikono mikubwa aliyefanya kazi barazani kwa pasi ya mkaa. Alichovya vidole kwenye kikombe cha maji, akanyunyizia shati, akasikiliza jinsi linavyolia chini ya pasi.

"Shikamoo, mama," alisema Mama Sponji.

"Marahaba. Kama ni nguo weka pale, ila leo hazitakuwa tayari."

"Si nguo. Nimekuja kwa ajili ya mjukuu wako. Nimemwona bombani, ameanguka."

Bibi aliiegemeza pasi. "Kaumia?"

"Hapana. Ameanguka vizuri sana."

Bibi alimtazama juu mpaka chini. "Mwanangu, watu huja hapa kuniambia mtoto kafaulu hesabu, au kampiga mtoto wa jirani. Wewe umetoka kwako asubuhi yote hii kunipongeza kwamba kaanguka?"

Ilichukua muda. Mama Sponji alieleza kuhusu kidevu na mgongo, akaonyesha kwa mikono, na alipoona mikono haitoshi akalala sakafuni barazani, mtu mzima na gauni lake, akajikunja kuonyesha. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akaacha kucheka.

"Mama yake alikufa, nikabaki naye huyu peke yake," alisema. "Sina mwingine. Nikikupa, nakupa mzima, na kila jioni namtaka mzima. Ukija kuniambia vingine, usije na maneno mengi."

"Nitamshika mimi mwenyewe," alisema Mama Sponji. Na alimaanisha.

Ukumbi wao ulikuwa ghala la zamani la magunia, lililopakana ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Katikati ya mabati ya paa waliweka mabati machache ya plastiki yanayopitisha mwanga, na alasiri mwanga ule ulishuka umejaa vumbi la unga lililopenya kwenye nyufa. Watoto walikimbilia ndani ya weupe ule, wakapaa ndani yake, wakashuka nao kwenye nyusi. Ukitoka nje juani ukaingia mle ghafla, ungedhani umeingia katika usingizi wa mtu mwingine. Mama Sponji alipapenda mahali pale kuliko nyumbani kwake. Magodoro yote alikuwa ameyashona mwenyewe kwa vipande vya karakana, sponji ngumu chini na laini juu, na turubai nje. Kila siku kabla ya mazoezi aliyakagua kwa magoti, akitambaa kutoka pembe hadi pembe kutafuta mahali palipobonyea. Hakuruhusu hereni, bangili wala ubani mdomoni, na mtoto aliyekuja bila kula alirudishwa kula. Kwa hayo alikuwa mkali, usimwone vile.

Tatizo lilikuwa kelele. Mashine ikianza kunguruma, hata ukimpayukia mtu sikioni anaona midomo tu ikicheza. Makocha wengine huuliza uko tayari, na mtoto hujibu niko tayari. Mle ndani maneno hayakufaa kitu. Basi, bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua, ukazuka utaratibu wao. Mama Sponji akisimama kando ya godoro la kushukia, upande wa kushoto, maana yake ni nimekushika. Mtoto akimwona pale anakimbia. Asipomwona hakimbii. Hapakuwa na filimbi wala neno, na rangi ya sakafu pale mahali ilikuwa imefutika kwa nyayo zake. Wageni walishangaa jinsi kazi ile ilivyokwenda kimyakimya katikati ya kelele zote zile.

Na alijua kushika. Vidole vyake viligusa mgongo wa mtoto anayepinduka, vikampa kilichopungua na kupunguza kilichozidi, kisha vikaondoka, na mtoto akatua akijiona amefanya peke yake. Kinyozi, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani na sasa alimsaidia baada ya kufunga kibanda chake cha kunyolea, alisema hajawahi kumwona mtoto akimponyoka. Kinyozi alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini macho yake hayakubanduka kwenye kazi. Alisema ni mazoea ya wembe: ukiwa kwenye shingo ya mtu, mdomo unaweza kwenda popote, jicho linabaki.

Kiberiti alikuwa na umri wa kupoteza meno ya mbele alipoanza, na alipoanza kuwa mrefu alikuwa ameshawapita wote. Jina alipewa na wenzake, kwa kuwa alikuwa mdogo na aliwaka haraka. Alibinuka mbele, akabinuka nyuma, akapiga samasoti, kupinduka hewani bila mkono kugusa chini, akiwa amenyooka kama rula. Kisha akaanza ile wanayoiita parafujo, samasoti ya kurudi nyuma ambayo mwili unajizungusha hewani kabla ya kutua. Mama Sponji alimpitisha humo polepole, mkono ukiwa mgongoni kila mara, na hakumwachia. Habari zikaja kwamba mama mmoja wa timu ya vijana atapita kuchagua watoto wa kwenda kambini, kulelewa na kufundishwa huko. Mtaa mzima ulishajua atamchagua nani. Bibi alianza kupiga pasi huku anaimba.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida, na hilo ndilo linaloniudhi mimi hadi leo. Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati, mashine inanguruma, mwanga umegeuka wa maziwa. Kinyozi alikuwa pembeni akiwanyoosha viungo wadogo. Kiberiti alikuwa mwisho wa njia ya kukimbilia, akijinyoosha vifundo vya miguu, akisubiri. Mama Sponji alikuwa ameketi kwenye benchi, na kutoka pale jicho lake la fundi likaona uzi umeachia kwenye pindo la godoro la kushukia. Akainuka kwenda kutazama. Alipofika akainama, akaugusa uzi, akaona si kitu, utashonwa kesho. Akasimama wima. Alikuwa amesimama upande wa kushoto, mahali pake.

Akainua macho, akamwona Kiberiti kule mwisho ndani ya vumbi jeupe. Na picha ikaja. Akamwona akikimbia, akapiga teke sakafu, akapanda, akajizungusha taratibu kana kwamba hewa ni maji, nywele zikimfuata nyuma, akatua bila hata kuyumba. Ilikuwa parafujo nzuri kuliko zote alizowahi kuziona maishani. Moyo wake ulijaa. Alikuwa bado anaitazama, ameachia mikono yake ikaning'inia, wakati Kiberiti wa kweli alipokuja akikimbia.

Alimwona. Hilo ndilo jambo gumu kumweleza mtu ambaye hajawahi kuota akiwa macho. Alimwona akija, akamwona akipaa, na akadhani ni ileile, inarudi mara ya pili. Akaitazama kwa furaha. Mgongo wa mtoto ulipita mbele ya vidole vyake, ukakosa kitu ulichokizoea, ukachelewa, na Kiberiti akashuka kwa bega, nusu juu ya godoro na nusu juu ya saruji.

Kufumba na kufumbua Mama Sponji alikuwa amepiga magoti. Sasa alikuwepo, alikuwepo mwili na roho. Kinyozi alishakimbilia ukutani kuwagongea watu wa mashine waizime, na kimya kilichofuata kiliwatisha watoto kuliko anguko lenyewe.

"Usinyanyuke. Usitikise kichwa. Nitazame mimi," alisema. "Bana kidole changu. Huu mkono mwingine. Vizuri. Chezesha vidole vya miguu."

Vidole vya miguu vikacheza.

Walimbeba juu ya ubao hadi zahanati. Daktari alisema mtulinga, mfupa wa kati ya shingo na bega, umepasuka, shingo salama, uti wa mgongo salama, mkono ufungwe kwenye kitambaa na mtoto apumzike mpaka mfupa uunge. Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema. Bibi alifika akiwa na majivu ya mkaa kwenye kanga, akamgusa mjukuu wake kichwa, mashavu, miguu, kila mahali. Hakumuuliza Mama Sponji lolote.

Wakati wao wako zahanati, Kinyozi alikuwa amewaambia wazazi waliokusanyika mlangoni kwamba mtoto alikimbia kabla ya kupewa ruhusa. Hakuwa anadanganya kwa ubaya. Alikuwa amegeuka upande wa wadogo, hakuona, na hakuweza kufikiri sababu nyingine. Jioni ile maneno yakawa ya mtaa mzima: kiherehere cha watoto, wanataka kujionyesha kabla wageni hawajafika. Watu walimpa Mama Sponji pole yeye. Walimletea chai. Hata shemeji, ambaye hakuwa na desturi ya upole, alimwambia, "Usijilaumu, shemeji. Watoto wa siku hizi hawashikiki."

Naye akanyamaza. Siku ya kwanza alijiambia amechoka. Siku ya pili alijiambia atasema kesho. Aliona aibu, hakuna namna nyingine ya kuliweka. Pale karakanani alikata sponji kwa mistari iliyonyooka, akashona bila kukosea hata tundu moja, akaitikia salamu papo hapo. Shemeji alifurahi. Lakini Mama Sponji alikuwa akiwatazama watoto wapitao barabarani na kuona watoto wanaopita barabarani, basi. Picha zilikuwa zimekatika zote.

Yule mama wa timu ya vijana akaja, akatazama, akachagua mtoto mwingine kutoka mtaa mwingine, akaondoka. Alikuwa mpole na mwenye haraka.

Siku iliyofuata Mama Sponji alikwenda kumjulia hali Kiberiti. Aliingilia kwa nyuma, na kabla hajabisha akamwona uani, mkono umefungwa kifuani, peke yake. Alikuwa anakimbia. Anakimbia hatua zake zilezile za ukumbini, na akifika mahali pa kupiga teke anasimama. Anarudi nyuma. Anakimbia tena, anasimama palepale. Midomo yake ilikuwa inahesabu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

Mama Sponji alielewa. Alijua kule kusitasita kunaishia wapi. Mtoto anayesitasita akiwa chini anachubuka goti tu. Ila ataondolewa kitambaa, mfupa utapona, atarudi ukumbini, na atabeba kusitasita kule mpaka hewani, kichwa chini miguu juu, na hapo hakuna zahanati itakayosema habari njema. Akazunguka mbele, akabisha hodi.

"Karibu," alisema Bibi. Pasi ilikuwa mkononi.

"Mama, naomba umwite. Nataka asikie."

Kiberiti alikuja, akasimama mlangoni. Kabla ya lolote alisema, "Kocha, nisamehe. Sikupima vizuri. Nimekosa kambi na nimekuaibisha."

"Siku ile uliniona nimesimama?"

"Nilikuona."

"Wapi?"

"Mahali pako."

"Basi ulikimbia kwa haki yako. Uliniona, ukakimbia, kama nilivyokufundisha. Ulipanda vizuri. Ulizunguka vizuri. Hukukosea kitu." Akajigusa kifua. "Mimi ndiye sikuwepo. Nilikuwa nimeshakuona kichwani mwangu ukiruka na kutua, nikadhani umeshamaliza. Ulipokuja nilikuwa naangalia tu. Sikuinua hata mkono. Mtaa unasema uongo, na mimi nimeuacha useme."

Bibi aliondoa pasi juu ya shati na kuiegemeza, polepole, kama mtu anayeogopa kuitupa.

"Mtaa haukulaumu wewe," alisema. "Kwa nini unaniletea haya?"

"Kwa sababu anajilaumu yeye. Akirudi kuruka huku anautilia shaka mwili wake, ataumia kweli. Mwili wake hauna kosa. Lazima ajue kosa lilikuwa wapi."

Bibi alijifuta mikono kwa kanga. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umeelewa?"

Kiberiti alikuwa anamtazama Mama Sponji kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, akimkagua, na machozi yalikuwa yakimshuka bila yeye kuyajali.

"Nimekasirika," Bibi alimwambia Mama Sponji. "Sitaki uondoke hapa ukidhani sijakasirika."

"Najua, mama."

"Basi niache nikasirike. Nikimaliza utaniona."

Mama Sponji aliwaambia na wazazi wengine, mmoja mmoja, mlangoni mwao. Wawili waliwaondoa watoto wao, na alisema wana haki. Kinyozi alipoambiwa alivuta kiti akakaa, akashika kichwa, maana alikuwa amemsingizia mtoto. Siku hiyo hakuongea, na wateja wake wakadhani anaumwa jino.

Ukumbi ukabadilishwa utaratibu. Kusimama mahali pale sasa hakukuwa na maana yoyote. Mtoto aliyetaka kuruka aliinua mkono, akamtazama kocha machoni. Kocha naye akiinua wake, mtoto alimsoma kwanza. Akiridhika anakimbia. Asiporidhika anateremsha mkono na kurudi alikotoka, na ni marufuku mtu yeyote kumuuliza kwa nini.

"Kocha, kila mtoto atakuwa bosi," Kinyozi alilalamika.

"Ndiyo," alisema Mama Sponji.

Na kweli, kulikuwa na kijana mmoja mwenye mapengo aliyeteremsha mkono mara nyingi kuliko wenzake wote, kwa raha tu ya kumkataa mtu mzima. Wakamwacha. Baada ya siku kadhaa raha ilimwisha.

Kitambaa cha Kiberiti kiliondolewa majira ya joto yakianza. Alirudi kwanza kwa kubingirika tu, kama mtoto mchanga wa sarakasi, kisha kwa kubinuka. Bibi alikuja naye kila siku. Alikaa kwenye benchi amekunja mikono, kanga imejaa unga, na mtu alipomsalimia aliitikia bila kugeuza shingo. Hakusema kama amemaliza kukasirika.

Halafu ikafika alasiri ambayo Kiberiti alisema anataka parafujo. Kinyozi akasogea kando ya godoro, maana siku hizo zote ndiye aliyeshika na Mama Sponji alikuwa akikagua magodoro na kuelekeza. Kiberiti akatikisa kichwa.

"Nataka Kocha."

Mama Sponji alikwenda. Alikuwa na woga na furaha ya kuitwa kwa pamoja, akashindwa kujua kipi ni kipi. Akasimama. Mashine ilikuwa ikinguruma, vumbi likielea, na kule mwisho Kiberiti akainua mkono. Mama Sponji akainua wake, akamtazama machoni.

Picha ikaja. Ilikuwa imepotea muda wote huo, akadhani haitarudi tena, na sasa ilirudi yote kwa mara moja: mtoto akikimbia ndani ya weupe, mtoto akipanda, mtoto akijizungusha taratibu na kutua bila kuyumba, amerefuka, amekomaa, mzima.

Kiberiti akateremsha mkono. Hakurudi alikotoka. Alikuja akitembea njia nzima ya kukimbilia mpaka kwenye godoro, akasimama karibu kabisa ili asikike.

"Kocha, umeshaniona nikitua?"

Mama Sponji angeweza kukataa.

"Ndiyo," alisema.

"Mimi bado sijaruka."

Alisema bila ukali, kama unavyomwambia mtu kwamba amekaa kwenye kiti cha mtu mwingine. Mama Sponji alishusha mkono wake. Akamwita Kinyozi kwa ishara, akampisha. Akaenda akaketi kwenye benchi karibu na Bibi, na ilimuuma, tena sana, maana alijua hatasimama pale tena, na alijua mtoto huyu popote atakapokwenda, mbele ya kocha yeyote, hataruka kwa kumtegemea mtu ambaye hayupo.

"Kakukataa?" aliuliza Bibi, mdomo karibu na sikio lake.

"Kanikataa."

Bibi alikunjua mikono yake, akamshika kiganja, akakiweka juu ya goti lake mwenyewe. "Basi tazama," alisema. "Tazama huyu wa kweli."

Kule mwisho Kiberiti aliinua mkono, na Kinyozi akainua wake. Mtoto alimsoma, akachukua muda wake wote. Kisha akaanza kukimbia.